Sura ya Tano: Barabara Iliyo Ndani ya Nati

Tairi la mbele kushoto liliishiwa upepo Ruaha Mbuyuni, kabla sijaanza kupanda Kitonga. Ilikuwa saa nane mchana, mibuyu haina kivuli cha maana, na wauza vitunguu walikwisha kutambua kwamba mimi si mteja. Nilitoa jeki, ile ya mkasi inayokuja na gari, nikaipachika chini ya bodi na kuanza kuzungusha.

Utingo wa lori lililoegeshwa mbele yangu alinisogelea huku akitafuna muwa.

“Shikamoo, mzee. Umeweka jiwe?”

“Marahaba. Jiwe la nini? Nimevuta hendibreki.”

Hakubishana nami. Alitafuta jiwe, akalisukumiza kwa mguu nyuma ya tairi la nyuma, akalikanyaga mpaka likakaa. Kisha akaziangalia nati. “Na hizi zilegeze gari likiwa chini, mzee. Likiwa hewani, tairi litazunguka pamoja na wewe.”

Nikashusha, tukalegeza, nikapandisha upya. Katikati ya kupandisha niliachia mkono wa jeki ili nifute jasho. Gari likabaki pale pale lilipofika, tairi linaning'inia, jeki imetulia kana kwamba haina habari na mzigo ulio kichwani mwake. Nimebadilisha matairi mengi maishani, lakini sikuwahi kulistaajabia jambo hilo hadi mchana ule.

Kumbuka mashine rahisi tulizokwisha kukutana nazo. Wenzo: ukiachia mpini, jiwe linarudi lilikotoka. Kapi: ukiachia kamba, ndoo inazama kisimani, na siku ikiwa mbaya kamba nayo inaifuata. Skrubu ukiiachia haifanyi kitu. Inakusubiri. Sasa gari langu, wakati nafuta jasho, lilishikiliwa na nani?

Kitonga yenyewe inatupa nusu ya jibu. Barabara ile haipandi mlima kwa kunyooka. Hakuna lori lililosheheni ambalo lingeweza. Inajilaza ubavuni mwa mlima, inakata kona, inarudi, inakata nyingine. Dereva anakwenda mbali zaidi kuliko ndege angekwenda, na kwa sababu hiyo injini yake inabeba mzigo kidogo kidogo. Umbali umeongezwa ili nguvu ipungue. Ndiyo biashara ya mashine zote rahisi.

Sasa ichukue barabara ya namna hiyo, ifanye nyembamba sana, uizungushe kwenye kipande cha chuma cha mviringo kuanzia chini hadi juu. Umepata skrubu. Ile michirizi unayoiona, ambayo mafundi wanaiita uzi na kamusi inaiita hesi, ni barabara ya mlima iliyoviringishwa. Stadi, yaani bolti inayopokea nati, ya tairi la Toyota nyingi tulizonazo ina unene wa milimita 12, na uzi wake hupanda milimita 1.5 kwa kila mzunguko mmoja. Ukiuzunguka uzi huo mara moja unatembea kama milimita 35. Kwa lugha ya wahandisi wa barabara, mwinuko wake ni kama mita 4 kwa kila mita 100, mteremko ambao dereva wa lori angeushukuru. Nati yenye kina cha milimita 12 ina mizunguko minane. Ukiweza kuikunjua, utapata barabara ya sentimita 28 ambayo muda wote ilikuwa imejificha ndani ya kitu unachoweza kukifumba kiganjani.

Heron wa Alexandria, aliyeandika kuhusu mashine katika karne ya kwanza, hakuiita barabara. Kwake skrubu ilikuwa kabari iliyosokotwa: kabari isiyopigwa nyundo, bali huzungushwa. Aliiweka katika orodha yake ya mashine tano, pamoja na wenzo, kapi, kabari, na gurudumu na ekseli. Kitabu chake chenyewe cha Kigiriki kilipotea. Tunacho leo kwa sababu Qusta ibn Luqa, mtu wa Baalbek, alikitafsiri kwa Kiarabu katika karne ya 9. Nami naona kabari ya Heron ina faida ambayo barabara yangu haina: inatukumbusha lile jiwe la utingo. Jiwe chini ya tairi na skrubu ndani ya jeki ni ndugu wa damu. Vyote viwili hujipenyeza, na vyote viwili hukataa kurudi.

(Jina la pwani, parafujo, tumelipata kwa Wareno, pamoja na meza na leso. Skrubu ilikuja baadaye, na Waingereza. Wauza vifaa vya ujenzi huyatumia yote mawili; katika sura hii nabaki na skrubu.)

Tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu utamu wa jambo hili haujitokezi. Spana ya tairi, ambayo gereji wanaiita wili spana, tuseme ina mkono wa sentimita 25. Unaikandamiza kwa nguvu ya kilo 40, jambo ambalo mtu mzima analiweza bila kukunja uso. Mkono wako ukizunguka mara moja unasafiri sentimita 157. Nati nayo inasogea milimita 1.5. Gawanya: umbali wako ni zaidi ya mara elfu moja ya ule wa nati. Kwa hesabu ya daftari, basi, kilo zako 40 zinapaswa kugeuka tani 42 za mkazo kwenye stadi.

Hazigeuki, na tushukuru. Stadi ya ukubwa ule, hata ikiwa ya chuma kigumu, hukatika kabla ya kufika tani 10. Kinachofika kwenye stadi hasa ni kama tani 4. Moja ya kumi. Karibu nusu ya jasho lako imeishia pale uso wa nati unapojisugua na rimu, na sehemu nne za kumi zimeishia kati ya uzi na uzi. Kwa lugha ya mtihani wa Fizikia, uwiano wa mwendo ni wa kutisha na ufanisi ni wa aibu.

Shuleni tulifundishwa kwamba msuguano ni mwizi. Tulichora mashine, tukakokotoa ufanisi, na kila asilimia iliyopungua ikaandikwa kwenye akaunti yake. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye skrubu mwizi huyo ndiye aliyeajiriwa kulinda nyumba.

Angalia gunia la mkaa linavyopakiwa kwenye pikapu kwa ubao. Ubao ukiwa mfupi na mkali, gunia linateleza kurudi chini mara tu ukiliachia. Ubao ukiwa mrefu na uliolala, unaweza kuliacha katikati ukaenda kunywa maji, ukarudi ukalikuta. Uzito wake bado unalivuta kuteremka, tuseme kwa kilo 20, lakini msuguano unalishika. Maana yake msuguano una uwezo wa kilo 20 au zaidi. Haya, sasa lipandishe. Utashindana na zile 20 za uzito, na juu yake utashindana na 20 au zaidi za msuguano, maana msuguano siku zote huwa upande wa upinzani. Unalipa 40 kwa kazi ya 20. Huwezi kukwepa: ubao unaoshika gunia bila kusaidiwa lazima ule angalau nusu ya nguvu ya anayepandisha.

Skrubu ni ubao huo huo. Ukitaka ishike yenyewe, kubali ikulie zaidi ya nusu ya jasho. Kwenye mitambo ya kuchongea vyuma inayoongozwa na kompyuta kuna skrubu ambazo kati ya uzi na nati zimejazwa gololi ndogo za chuma zinazobingirika. Ufanisi wake hupita asilimia 90, na watengenezaji wake wana haki ya kujisifu. Iweke moja kwenye jeki ya gari, kisha uachie mkono ufute jasho. Gari litashuka lenyewe, mkono wa jeki ukizunguka kinyumenyume kama panga la feni. Ndiyo maana mashine hizo hufungwa breki. Jeki yangu ya mkasi haina breki kwa sababu yote ni breki.

Kwa hiyo aliyekuwa ameshika gari pale Ruaha Mbuyuni ni msuguano, na mshahara wake ni ule uzito niliouhisi mabegani nilipokuwa nazungusha. (Hilo halikupi ruhusa ya kuingia chini ya gari lililo kwenye jeki. Uzi hautarudi nyuma, lakini jeki nzima inaweza kulala ubavu, hasa penye mchanga.)

Turudi kwenye nati, maana yenyewe ina kisa kingine kinachowaponyoka hata mafundi. Wengi hudhani bolti ni msumari uliovalishwa kofia. Si kweli. Msumari husimama katikati ya vitu viwili na kuvizuia kwa mwili wake. Bolti huvuta. Waliounda mitepe katika visiwa vya Lamu wangeielewa mara moja: mbao za chombo kile hazikupigiliwa misumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, zikabanwa kwa mkazo wa kamba. Bolti ni kamba ya chuma, na nati ndiyo mkono unaoikaza.

Na kama kamba, inanyumbuka. Unapokaza nati ya tairi, stadi inavutika kwa sehemu ndogo ya milimita, pungufu ya unene wa unywele. Inataka kurudi kwenye urefu wake, haiwezi, na katika kutaka huko inaikandamiza rimu kwenye kitako chake kwa zile tani 4. Zidisha kwa nati nne au tano. Gari lina uzito wa tani moja na ushei, lakini kila tairi limebanwa kwa tani 16, 20 au zaidi. Kinachobeba gari barabarani si zile stadi kukingama kama misumari. Ni rimu kubanwa kwa nguvu kiasi kwamba haiwezi kuteleza. Msuguano tena, yule yule mlinzi, safari hii kwenye lindo la pili.

Ukishalielewa hilo utaona kwa nini tabia mbili za gereji zetu zinanikera. Ya kwanza ni kuchomeka paipu kwenye spana ili kuongeza urefu wa mkono. Kufungulia nati iliyoganda kwa kutu, sawa. Kufungia, hapana: paipu ya mita moja pamoja na kijana wa kilo 70 anayening'inia huko mwisho ni mkazo mara saba ya ule unaotakiwa, na kamba ya chuma ikivutwa kupita kiasi hairudi tena kwenye urefu wake. Inabaki imedhoofika ndani ya nati iliyokaza, na wewe huoni kitu. Ya pili ni kupaka stadi grisi “ili zisigande”. Ukimpa mlinzi usingizi, nguvu ile ile ya mkono inazaa mkazo mkubwa zaidi, na stadi inakatika huku fundi akiapa kwamba hakukaza sana. Anasema kweli. Alikaza kama kawaida; ni grisi iliyoongeza.

Seremala anaruhusiwa kulainisha. Fundi mzuri wa mbao husugua skrubu kwenye kipande cha sabuni kabla ya kuizungusha, kwa sababu skrubu ya mbao hujichongea nati yake yenyewe ndani ya mti na kazi hiyo ni nzito. Ila kuna wale wanaoipiga skrubu kwa nyundo hadi ibaki kichwa tu, ndipo wanachukua bisibisi na kuizungusha mara mbili kwa heshima. Wamebomoa barabara yote wakaacha kona ya mwisho. Bawaba ya mlango wa chumba ninachoandikia ilifungwa hivyo, na kila masika huanguka.

Lakini kama skrubu inajishikilia yenyewe, mbona nati hulegea? Swali hili lilikaa muda mrefu na majibu ya kubahatisha, hadi mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alipochapisha majaribio yake mwaka 1969. Wengi walikuwa wakiwazia mtikisiko wa kwenda juu na chini, sambamba na bolti. Junker aliibana bolti kwenye mashine iliyotikisa vile vitu viwili vilivyofungwa upande kwa upande, kuikata bolti kwa ubavu. Nati ikaanza kujifungua yenyewe, mbele ya macho yake, bila mkono wa mtu.

Sababu tunaweza kuipata kwenye lile gunia. Limetulia kwenye ubao. Sasa lisukume kwa ubavu, kushoto na kulia, mpaka liteleze kidogo. Utaliona linateremka, ingawa hukulisukuma chini hata kidogo. Msuguano unaweza kupinga mwelekeo mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiushughulisha na ubavu, hakuna anayebaki kulinda mteremko. Barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati hufanya hivyo hivyo kwa nati iliyokazwa kiuvivu, mara kadhaa kila sekunde. Nati iliyokazwa sawasawa haipati shida hiyo, kwa kuwa vitu ilivyovibana haviruhusiwi kuteleza tangu mwanzo. Dawa kubwa ya kulegea, kwa hiyo, ni mkazo wenyewe. Washa ya springi, ile iliyokatwa na kupindwa, inasaidia kidogo kuliko tunavyoiamini.

Mahali pengine watu wameutumia mzunguko wenyewe kuwa mlinzi. Kama umewahi kuvunja kile kifundo cha plastiki kinachoshika panga la feni ya mezani, ni kwa sababu ulikifungua kwa kuzungusha kushoto, kama nati za Mungu zote. Kina uzi wa kinyume: hufunguka kwa kulia, ili kila feni inapoanza kuzunguka kijikaze badala ya kujifungua. Pedali ya kushoto ya baiskeli ni vivyo hivyo. Na mchomeleaji vyuma akitazama mitungi yake ataona nati za gesi ya kuwaka zina uzi wa kushoto na za oksijeni zina uzi wa kulia. Hapo shabaha si kukaza. Ni kuhakikisha kwamba hata mtu aliyechoka, gizani, hawezi kuzibadilisha.

Tunaichukulia kuwa haki yetu kwamba nati ya M12 iliyonunuliwa Gerezani itaingia kwenye stadi iliyotengenezwa Japani. Mababu wa ufundi hawakuwa na bahati hiyo. Kila bolti ilikuwa na nati yake, ndoa isiyo na talaka, na ukizichanganya siku ya kufungua mashine umekwisha. Henry Maudslay, fundi wa London, ndiye aliyeunda karibu na mwaka 1800 mashine ya kukatia nyuzi zinazofanana kwa uhakika. Kijana aliyepita karakanani kwake, Joseph Whitworth, alikusanya bolti kutoka viwanda vingi vya Uingereza, akatafuta wastani wake, na mwaka 1841 akapendekeza uzi mmoja kwa nchi nzima, wenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akasema digrii 60 ni rahisi kuzichonga, na akasikilizwa kwao. Tofauti ya digrii tano. Ilitosha kufanya vifaa vya washirika wawili visiingiliane katika Vita Kuu ya Pili, hadi Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilipokubaliana uzi wa pamoja wa digrii 60. Uzi wa milimita tunaoutumia leo una pembe hiyo hiyo. Fundi yeyote aliyehangaika na Land Rover za zamani anayo kumbukumbu ya ugomvi ule sandukuni mwake: seti ya spana za inchi na seti ya milimita, na nati moja au mbili zilizokula uzi kwa sababu mtu alilazimisha ndoa.

Pale Kitonga nilipanda taratibu nyuma ya lori la yule utingo, kona baada ya kona, gia ya pili. Tukatengana juu.

Ilula nilisimama kununua nyanya. Rimu iliyotoka kufungwa huwa na vumbi au kutu iliyobanwa kati yake na kitako. Ikisagika, zile nywele za mkazo hupungua, kwa hiyo inafaa kukaza tena baada ya kilomita chache. Nilitoa spana. Nati tatu hazikutikisika. Ya nne ilikubali robo mzunguko, kama milimita 9 za ile barabara ya sentimita 28, kisha ikagoma.

“Gari bovu, baba?” aliuliza mama muuza nyanya.

“Zima.”

“Basi nikufungie ndoo nzima.”